Kumkaba Kombo wa Chokocho

Enzi zetu, swali la kama beki hodari anaweza kumzuia winga hodari hatukulijibu kwa simu. Mjukuu wangu Faki na wenzake hukaa barazani kwangu hapa Madungu, Pemba, jioni nzima, vidole vinasugua vioo, wanabishana juu ya watu wa Ulaya ambao hawajapata kuwaona hata kisogo. Mmoja anasema beki huyu hapitiki, mwengine anasema winga yule hakabiki. Wakinichosha huwaambia kwamba mimi swali hilo nililijibu kwa miguu yangu mwenyewe, peku, mbele ya Kombo wa Chokocho. Hucheka. Wanalitazama tumbo hili, na miguu hii inayopanda ngazi kwa bismillahi, wanasema babu leo kaamka vizuri.

Lakini nyinyi wa rika langu mnajua. Mnaukumbuka msimu wa karafuu, miaka ile baada ya Mapinduzi, skuli zilipofungwa na sisi wanafunzi tukapakiwa kwenye malori kwenda kambini kuchuma. Mnazikumbuka nyimbo tulizoimba mpaka sauti zikatukauka kabla ya kufika. Mnaikumbuka harufu: karafuu mbichi kwenye vidole, kwenye nguo, kwenye wali, hata kwenye usingizi. Asubuhi chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, mchana muhogo tena lakini wa nazi. Magharibi ikipita tunakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, mpaka vidole vinageuka rangi. Siku ya dagaa tuliiita sikukuu. Kijana wa leo akikosa chipsi na mayai anakwambia tangu asubuhi hajala.

Kambi yetu ilikuwa jirani na nyumba ya Bi Riziki, mjane aliyepata eka zake tatu baada ya Mapinduzi na akaitunza mikarafuu yake kuliko watu wanavyotunza watoto. Mbele ya nyumba palikuwa na uwanja. Mchana ulijaa majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa na ruhusa ya kuyasogeza pembeni, tukacheza katikati. Mpira wetu ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa kamba ya mgomba, na magoli ni vijiti. Bi Riziki alikaa kando juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi, mkononi ana fimbo ya kufukuzia kuku wasiparure karafuu. Mpira ukitua jamvini, fimbo ile haikubagua kuku na mchezaji.

Nilikuwa beki wa kulia wa skuli yetu, na nilijiona si haba. Kisha likaja lori la skuli ya Chokocho, akashuka Kombo. Mwembamba, masikio makubwa, kaptura yake imeshikiliwa na kamba. Nilimdharau, Mungu anisamehe. Jioni ile alinipita mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani nimeteleza. Mara ya pili nilimlaumu kipa. Mara ya tatu nilibaki nimekaa chini, miguu huku na huku, nikamsikia Bi Riziki anauliza yule mtoto kaanguka au kakaa kupumzika.

Kesho yake nikawa na jina. Waliniita Mlango. Kwenye foleni ya muhogo vitoto vya darasa la tatu vinanigonga mgongoni, "Hodi, Mlango." Nikipanda mkarafuu, mtu chini anauliza kama mlango umefungwa. Nahodha wetu, aliyependa methali kuliko mazoezi, akaniambia mbele ya watu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba siku ya mwisho ya kambi tutacheza tena na Chokocho. Nikipitwa tena, jina lile nitarudi nalo Madungu.

Asiyekulia Pemba atauliza jina la utani lina nini. Sisi tunajua. Jina likishakushika kisiwani hapa, utaozwa nalo, wanao wataitwa kwa jina hilo, na siku ukifa watu watauliza maiti ya nani, wajibiwe ya Mlango. Nilikuwa na baba mkali na jina zuri la babu yangu. Nililala nikiogopa.

Siku za kati nilipangwa kuchuma mkarafuu mmoja na Kombo. Nilichukia, kisha nikaanza kumtazama. Mama yangu alikuwa akisema, "Mwanangu, mtu hafuatwi mdomo wake, hufuatwa nyayo zake." Nikazifuata. Nikaona kwamba Kombo kabla ya kuhamia tawi jengine hulitazama kwanza tawi asilokwenda. Macho yanakwenda kulia, kiuno kinakwenda kushoto. Kila mara. Hata akishuka kwa kula. Hata akinyoosha mkono kuchukua kipande cha muhogo, na nusu ya wakati kipande chenyewe kilikuwa changu. Siku hizi nasikia mabeki wanatazamishwa video za mawinga. Mimi nilitazama moja kwa moja, kwa wiki nzima, nikiwa nimekumbatia tawi.

Tukazoeana kule juu. Alinionyesha namna ya kulivuta tawi bila kulivunja, mimi nikamsimulia kuhusu sinema ya Chake. Lakini kila tukishuka aliniita Mlango kama wengine, na mimi nikasema moyoni, subiri.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Kambi nzima ilisimama pembeni, skuli mbili, walimu, wapishi na Bi Riziki na fimbo yake. Majamvi yalikuwa mengi kuliko siku zote, maana karafuu zake zilibakisha jua moja tu zikauke. Nilisema bismillahi, nikasahau macho ya Kombo, nikakitazama kiuno. Wallahi alikuja mara tano, na mara tano nilimtoa mpira mguuni. Mara ya sita alisimama, akanitazama, akatikisa kichwa. Watu waliacha kunicheka. Nahodha akatafuta methali nyengine akaikosa. Nilifurahi mpaka nikahisi joto masikioni.

Ikabaki kidogo sana, bado hakuna goli. Kombo akaupokea mpira kushoto, akaja, na safari hii macho na kiuno vikaenda upande mmoja. Nami nikayachungulia macho, nikadhani kiuno kitakwenda kinyume chake. Nilikwenda kulia peke yangu. Nilipogeuka alikuwa ameshanipita, kipa wetu ameshalala chini kabla ya wakati, na mbele ya Kombo hapakuwa na kitu ila vijiti viwili.

Hapo ndipo tone la kwanza likanipiga shingoni. Likafuata la pili. Bi Riziki akasimama, akasema, "Wanangu, mvua. Anueni."

Nawaambia vijana wa leo jambo hili na hawalielewi. Karafuu zikiwa nje na mvua ikaja, kwetu hakuna anayeuliza ni za nani. Watu waliogombana mpaka kwa sheha walikimbilia jamvi moja. Karafuu ikirowa inaharibika rangi, na jasho la wiki nzima limekwenda. Kwa hiyo tulikimbia wote, wachezaji, walimu, wapishi, na nilipolifikia jamvi kubwa, upande wa pili alikuwa Kombo. Tulilikunja, tukalibeba mpaka ukumbini, tukarudi kuchukua jengine. Mvua iliposhuka kwa nguvu hapakuwa na karafuu hata moja nje. Mpira ulikuwa palepale, mbele ya goli, unalowana peke yake.

Bi Riziki alitugawia mkate wa mofa na chai. Kombo akakaa karibu yangu, akasema kwa sauti ya watu kusikia, "Leo mlango ulikuwa na komeo." Basi. Tangu siku ile hakuna aliyeniita Mlango tena. Jina lilibaki kambini, na baba yangu alifariki bila ya kulijua.

Miaka yote hii nimesimulia kwamba Kombo aliacha goli la wazi kwa ajili ya karafuu za mjane. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini ndani yangu kulikuwa na mwiba: kupiga mpira ule kungemchukua muda gani? Kufumba na kufumbua. Angeweza kufunga, kisha akakimbia. Nilijua kwamba nilikuwa nimepitwa, na kwamba heshima yangu niliipata kwa mvua.

Mwezi uliopita timu ya Faki ilikwenda kucheza uwanja uleule, na wapinzani walikuwa vijana wa Chokocho. Nikampigia simu Kombo. Anaishi Wesha sasa, alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na masikio yamezidi kukua. Tukakaa pembeni, wazee wawili na kashata. Bi Riziki alishatangulia mbele ya haki, lakini binti yake alikuwa ameanika, majamvi kama zamani. Vijana wana viatu vya rangi ya limau, soksi, na kila mmoja nywele zake amezichora. Mpira wa ngozi kweli. Nikajisemea, hawa hata mvua ya mawe hawataiona.

Ikaja. Si mawe, lakini ikaja. Faki alikuwa akimkabili winga, na mimi nimeshika roho. Tone likaanguka. Vijana wakatazamana, kama wanasubiri mtu awaambie. Kisha Faki akageuka akakimbia, na winga nyuma yake, na viatu vyote vile vya limau vikaelekea majamvini. Nilitokwa na machozi, sifichi. Kombo akaniinua kwa mkono, tukalifuata jamvi dogo lililobaki, yeye upande wake, mimi wangu, tukalikunja polepole kama watu wanaokunja mswala.

Tulipofika ukumbini nikamuuliza. Ilinibidi. Kwa nini siku ile hakupiga?

Kombo akanishangaa. "Nipige vipi, na weye ushaondoka? Mie n'shakupita, nkageuka nione umekaa chini kama siku ya kwanza, nkakuona uko majamvini tayari, peke yako, kabla Bi Riziki hajasema neno. Hata kipa yu chini. Goli bila ya beki, we wangu, lina utamu gani? Nkakufuata."

Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa hivyo, kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Sikuwa na hakika tena. Nje vijana walikuwa wanacheka mvuani, wanarudi kuutafuta mpira, na Faki ananiita nije nimwambie yule winga wa Chokocho hukabwa vipi.

"Nenda," Kombo akasema. "Lakini mwambie kweli. Wa kwetu hakabiki, hukufuata tu ukikimbilia majamvi."