Mtunza Tovuti na Siku za Soko

"Batiki zangu umezificha wapi, baba?" Bu Sumirah, yaani Mama Sumirah kwa lugha ya kwao, alimbana mtunza tovuti wa ushirika wao, maana kesho wanunuzi wangetafuta picha za vitambaa hivyo humo. Yule bwana akakohoa kwanza, kama desturi yake, kikohozi ambacho hata maiti angejua ni cha uongo. Kiganja kilifunika kipanya mithili ya kuku aliyelalia mayai.

"Tulizipiga picha siku ya Kliwon au Legi, Bu?"

Picha zote kazipanga kwa siku tano za soko za Kijawa, kama Kliwon na Legi, ili asizipate mwingine ila yeye.

"Legi. Na usinikoholee."

Akabofya polepole, bega likikinga kioo. Bu Sumirah akachungulia: kitambaa ni chake, jina chini yake Bu Wartini.

"Huyu si mama mkwe wako?"

Mlango ukafunguka. Bu Wartini akaingia na sahani ya tempe za moto, soya iliyochachushwa na kukaangwa, kwa ajili ya mkwewe, na Bu Sumirah na yule bwana wakaacha ya jina, wakaanza kusifu harufu.