Mluzi Usio na Mwenyewe

Bado naikumbuka siku niliyofungiwa ndani ya kibanda cha kupimia masikio, mwanangu, nikajiona kama maiti waliyesahau kumzika. Kibanda chenyewe kidogo, kuta nene, na kimya chake kizito hata nywele za kichwa nilizisikia zikiota. Na humo kimyani, mluzi ukaanza.

Haukuwa mgeni. Miaka yote niliyoendesha mashine ya kusaga kokoto ya tajiri mmoja, mashine yenye kishindo cha kuwatoa kaa mashimoni mpaka pwani kule Wesha, nilikuwa nikirudi kwangu Madungu na mluzi mwembamba masikioni. Mwanzo ulikuwa ukiniacha nikilala. Baadaye ukahamia moja kwa moja. Nikiwa peke yangu, unapiga. Nikisujudu, unapiga, kama kwamba mtu amesimama nyuma ya bega langu anamwita mwenzake.

Nawe wajua kwetu: mluzi usio na mwenyewe hautajwi. Ukiutaja, humfuata aliyekusikiliza. Basi mimi na cheti changu cha masomo ya usiku, niliyewaeleza watu barazani habari za umeme na sayari, niliufumba mdomo nisije nikamletea balaa mke wangu, Bi Time. Hata nilipokwenda kudai fidia ya ulemavu wa kazini, nilisema tu kwamba sisikii vizuri, wakanipeleka kupimwa kwenye kibanda hicho.

Daktari, binti mdogo kutoka Unguja, alinipa kitufe mkononi. "Ukisikia sauti, Mzee Kombo, bonyeza."

Nikabonyeza. Mluzi haukatiki, nami nabonyeza, mpaka kidole kikafa ganzi. Mlango ukafunguliwa.

"Mzee, unabonyeza nini?"

"Si hiyo sauti yako?"

Akanitazama. "Mashine nimeshaizima zamani."

Wallahi, jasho lilinitoka la kujaza ndoo mbili.

"Nikiandika hivi," akasema, "wanaolipa watasema unasikia kumshinda popo, au unadanganya. Fidia huipati. Niambie unasikia nini."

Nikatazama nyuma ya bega. "Nikikwambia utakufuata."

"Uje tu, mzee wangu. Nimeshasimuliwa huo na wengi, na kwangu nalala usingizi."

Nikasema. Akanieleza kuwa masikio yakishaumizwa na kishindo hujipigia yenyewe. Akanipima upya kwa sauti za kudundadunda, zisizofanana na mluzi wangu, na uziwi ukaonekana wazi. Na mluzi nao akauandika.

Nyumbani nikamwambia Bi Time. Akakaa kitako chini.

"Nami siku zote nakwita huitiki, watazama ukuta tu! Nikajua majini wameshakuchukua. Kwani ubani wa kila Alhamisi wadhani nachomea nini?"

Na mimi, yakhe, nilidhani ni mahaba!

Fidia nimeipata. Mluzi haukuondoka. Hata sasa ninapokuandikia upo, palepale nyuma ya bega.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ya kishindo ivalie vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza, na wakikucheka waache wacheke. Ukianza kusikia usichokijua, usingoje kikuzoee. Ukifika kwa daktari mwambie chote, hata kile ambacho wenzako hawathubutu kukitaja, maana ulichomficha hawezi kukuandikia. Na wa nyumbani mwako mwambie kabla ya daktari, asije akakuogopa nawe umelala naye kitanda kimoja.

Mola akuhifadhie masikio yako, na anayekupenda akikwita, umsikie, uitike.