Mwalimu wa Nidhamu na Gemu ya Kutisha

Mwalimu wa nidhamu, ambaye akikohoa tu shule nzima hunywea, hucheza gemu yake ya kutisha Jumamosi mchana, mapazia wazi na taa zote zikiwaka. Mkewe humtazama kutoka mlango wa jikoni. Kabla ya kuingia chumba chochote ndani ya gemu, bwana huyu hufuta viganja kwenye suruali, hukunja miguu juu ya kochi, kisha hupunguza sauti, eti asiwasumbue majirani. "Mambo ya kitoto haya," husema, shingo imezama mabegani. Jumamosi iliyopita, mwanamke asiyeonekana alianza kulia nyuma ya ukuta wa gemu, akimuuliza mumewe kwa nini hamsikilizi. Mwalimu akaganda.

"Mama watoto, njoo ukae hapa," akaita kwa kisauti chembamba. "Ongea chochote." Miaka yote humwambia anyamaze, mpira unaendelea. Mkewe akaketi, akaanza na paa linalovuja, akafika kwenye kazi ambayo mumewe alimkataza kuomba. "Sawa, mke wangu," mwalimu akawa anaitikia kila neno, macho kwenye skrini. Alipotaka kuzima, mkewe akamshika mkono.

"Bado sijamaliza," akasema. "Fungua mlango unaofuata."