Miwani Iliyompunguza Mniko

Kwa miaka kumi na minne Nyangi aliitazama dunia kupitia vioo vinene kama kitako cha chupa. Macho yake, wenzangu, yalimwona ng'ombe akiwa kule kilimani, lakini mchele kwenye ungo ukawa ukungu mtupu. Mkono wa miwani ulipovunjika, zilikuwa enzi za kukosa hata sabuni, sembuse fremu. Akaufunga kwa uzi, miwani ikawa inakaa katikati ya pua. Mwaka 1987, vitu vilipoanza kurudi madukani, fundi Abdulkadiri wa Musoma akamletea mpya hapo Bunda: nyembamba, nyepesi, inayokaa karibu kabisa na jicho.

Asubuhi iliyofuata akawa anamwogesha mjukuu wake Mniko, wa miezi minne, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Ghafla akamwinua mwangani. Mtoto alikuwa amepungua! Mapaja, mikono, hata uso, vyote vidogo kuliko jana. Mwaka juzi walimzika kaka yake Mniko, naye alianza hivi hivi.

Na kwao, mtoto akikonda bila homa, watu husema amebemendwa: wazazi wake hawakujizuia, wamelala pamoja kabla hajapata nguvu.

"Dorkas!" alimwita mkwewe. "Mmembemenda mtoto!"

Dorkas aliudondosha mwiko. "Mama! Tangu nijifungue mwanao Alfonce analalaga sebuleni, si unamwona mwenyewe? Na huyu alfajiri amenyonya kama ndama!"

"Mtazame, basi! Ninyi mnataka nizike wangapi?"

Dorkas alijaribu kupenyeza kidole kwenye shanga za kiunoni, zile anazovishwa mtoto ili mama ajue kama ananenepa au anakonda. Hakikupenya.

"Mwezi uliopita zilikuwa zinacheza. Leo zinambana. Amekonda wapi?" Akaingia ndani, akaanza kutoa nguo zake sandukuni.

Nyangi alimpakata mtoto. Mikono ilimwambia uzito ni ule ule, macho yakakataa. Akamfunga mgongoni, akachukua miwani ya zamani, akakimbilia stendi alikokuwa Abdulkadiri akingoja basi.

"Fundi, umenipa miwani ya mtu mwingine!"

Abdulkadiri alizishika miwani zote mbili juu ya tiketi yake. "Nguvu ya kioo ni ile ile, mama. Ila kioo cha zamani ni kinene, kina kitumbo kikubwa mbele, na kilikaa mbali na jicho. Kwa macho kama yako, hayo yote yanakuza vitu. Hiki ni chembamba, uso wake umelala, kiko karibu. Unaona vizuri vile vile, ila vitu havivimbi sana. Hata mimi ulikuwa unanionaga bonge!"

Nyangi hakucheka. "Kwa hiyo mtoto hajapungua?"

"Hajapungua. Wiki mbili tu, macho yatazoea."

Alirudi mbio, akiwaza lile sanduku. Dorkas alikuwa kizingitini, furushi limefungwa, anamngoja mtoto wake tu. Nyangi akapiga magoti, yeye mama mkwe.

"Nimekukosea, mwanangu. Ni kioo, si wewe."

"Jirani Wankyo alikuwa uani kwake, mama. Amesikia yote. Saa hizi neno hilo limeshafika kisimani."

"Basi twende huko huko. Nitasema mwenyewe, mbele yao wote, kwamba nimekusingizia."

Dorkas alimpokea mtoto, akamnyonyesha mpaka alipoachia titi. Furushi hakulifungua. Akainuka, akachukua ndoo.