Mashindano ya kuongea Igowole na wasifu wa Baba Neema

Wakuu wa humu, kwema? Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba nimeshaitikia.

Leo natua mzigo nilioubeba muda mrefu. Hii siyo chai ya kutunga, anayetaka chai aende jukwaa la mapishi. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wapo na mmoja ananijua mpaka dukani. Mengine ni kama yalivyotokea, Mungu ananiona.

Mimi ni mtu wa Mbeya, Mnyakyusa kamili, ila riziki ilinitupa Igowole, Mufindi. Kwa wasiopajua, ni mji mdogo wa viazi, mbao na ukungu, na baridi ya mwezi wa saba inakufanya ulale na koti.

Nina duka la pembejeo. Wikiendi ni MC wa harusi, tena MC wa maana, siyo hawa wa kupiga kelele tu. Ndiyo, najisifia. Mnyakyusa asipojisifia mnadhani anaumwa.

Basi ikaja Uviko.

Mnakumbuka wenyewe. Ndoo ya kunawa kila mlango, barakoa za kitenge, limao unalikata vipande unatunza kama dawa. Huku kwetu ilikuwa kujifukiza asubuhi na jioni. Mkaratusi uliokuwa nyuma ya duka langu ulichumwa majani mpaka ukabaki nguzo.

Na misiba ikawa inasemwa kwa sauti ya chini. Mtu anakwambia fulani katutoka, unauliza alikuwa anaumwa nini, anajibu "changamoto ya upumuaji." Halafu wote mnaangalia chini, kila mtu anaendelea na safari yake.

Upepo ulipotulia kidogo, mikusanyiko ya nje ikaanza kuwezekana, nikapata wazo. Tufanye mashindano ya kuongea mbele za watu. Public speaking, lakini ya wananchi wa kawaida. Muuza viazi, seremala, dereva, yeyote mwenye la kusema apande jukwaani.

Watu walikuwa wamejifungia mno, wamesahau hata kukaa pamoja. Na niseme ukweli, maiki nilikuwa nimeimisi vibaya sana.

Nikamshirikisha Mwalimu Sanga, mwalimu mstaafu, mama mkali ambaye hata mbwa wa mtaani kwake wanatembea pembeni ya barabara. Akakubali, ila kwa masharti yake. Kila mtu achague mada yake. Hakuna kusoma kwenye karatasi. Dakika saba, na yeye ndiye atashika kengele. Ikilia unashuka, hata kama ulikuwa katikati ya kumshukuru Mungu.

Watu wakaanza kujiandikisha pale dukani. Siku moja akaja Mama Neema.

Huyu ni fundi cherehani. Nusu ya barakoa za mji ule alishona yeye. Mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Nikajua amekuja kumwandikisha mtu mwingine.

Akaniambia, "MC, mimi sijui kuongea. Lakini nataka kumsomea Baba Neema wasifu wake."

Wakuu, kalamu ya kuandikishia niliiweka chini.

Sote tunajua wasifu ni nini. Mtu hashuki kaburini hajasomewa. Alizaliwa wapi, mtoto wa ngapi, alibatizwa wapi, alisoma wapi, aliugua nini, ameacha nani. Hata mlevi wa mtaa anasomewa, na siku hiyo anageuka kuwa "mpenda watu".

Baba Neema hakusomewa.

Alikuwa dereva wa lori la mbao. Aliugulia njiani, akalazwa Mbeya, akafia hukohuko. Akaletwa akazikwa Igowole na watu wachache waliovaa yale mavazi meupe. Hakuna turubai, hakuna kwaya, hakuna wasifu. Majirani tulichungulia madirishani. Hatukuwa na ubaya, tulikuwa na hofu.

Kwao marehemu ni Idodi, kule barabara ya kwenda kwenye hifadhi ya wanyama. Mama yake mzazi alipopata taarifa alisema maneno mazito. "Mwanangu hakuzikwa, amefukiwa." Kaka mkubwa, Mzee Kastuli, akasimama na mama yake. Msiba haukuwekwa, kwa hiyo hawawezi kuanua matanga ya msiba ambao haukuwepo.

Kuanzia hapo ukoo wa mume haukukanyaga kwa Mama Neema. Simu wanapokea kwa kujilazimisha. Watoto wanauliza bibi yao anakuja lini.

"Nimekuwa mjane ambaye msiba wangu haujaanza na haujaisha," akaniambia. "Nikimsomea mbele za watu, wakasikia, labda wataona amezikwa. Wakikataa na hapo, basi nimepoteza ukoo wa wanangu."

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Mgeni rasmi ni diwani, watu wanakuja kufurahi, wewe unawaletea maiti jukwaani? Nikaenda kwa Mwalimu Sanga nikijua ataniunga mkono.

Akanitazama juu ya miwani. "Tulisema kila mtu achague mada yake. Leo unataka tubadilishe kwa sababu mada inauma?"

Nikanywea.

Nikaanza kumfundisha Mama Neema. Nikamwambia, fungua na swali, watu wakae sawa. Akasema, "Wasifu hauanzi na swali, MC." Nikamwambia basi weka kichekesho kidogo katikati. Akanitazama kwa huruma, kama vile mwenye shida ni mimi. Nikaishia kumfundisha namna ya kushika maiki isipige mluzi.

Kisha akaniomba kitu kimoja. Nimpigie Mzee Kastuli nimwalike.

Jamani! Wale wazee wa Kihehe huwezi kuingia tu na shida yako kama unaagiza chipsi. Ilikuwa salamu za kamwene, kamwene, nyumbani hawajambo, mvua vipi, mahindi vipi, mpaka nikasahau nimepiga kwa ajili gani. Nilipofika kwenye hoja, sauti ikabadilika.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyakyusa, mzee wangu."

"Ndiyo maana. Sikiliza, kijana. Wasifu ni wa ukoo. Mjane anakaa ndani na wenzake, anajifunika, analia. Hasomi. Halafu kwenye mashindano! Mtu apewe maksi kwa kufiwa?"

Akakata.

Niliumia, kwa sababu lile la maksi alikuwa na haki. Nikampelekea Mama Neema majibu, yeye anaendelea kukanyaga cherehani. Akasema, "Sawa. Mtumie siku na mahali, basi." Nikatuma. Hakujibu.

Siku ikafika. Uwanja wa mpira, viti vya plastiki vimeachiana nafasi, ndoo na sabuni pale pa kuingilia, diwani mbele na barakoa yake chini ya kidevu kama wote tulivyokuwa tunavaa. Seremala mmoja akafungua na mada ya vijana kupanda miti. Akafuata kijana mmoja akaongelea mapenzi ya WhatsApp, watu hoi kwa kicheko. Nikasema hapa kazi imekubali.

Ndipo nikaona mzee mrefu, koti jeusi, kofia. Akanawa mikono taratibu, akachukua kiti cha mwisho kabisa, akakisogeza nyuma zaidi. Mama Neema alikuwa benchi la wazungumzaji, karibu yangu.

"Ndiye shemeji," akasema, akainamisha kichwa.

Nikamwita Mama Neema jukwaani. Sikuleta mbwembwe zangu, nilitaja jina tu.

Akapanda na kitenge mabegani. Akaishika maiki kama nilivyomfundisha. Kisha akasema:

"Wasifu wa marehemu Festo, Baba Neema."

Wakuu, hapa naandika na mwili unanisisimka.

Mama mmoja wa mbele akashuka kwenye kiti, akakaa chini kwenye majani. Wa pembeni yake akashuka. Kisha wengine, kisha wanawake wote wa uwanja ule wakawa wamekaa chini, wamejitanda khanga, kama wanavyokaa msibani. Hakuna aliyewaambia. Wanaume wakavua kofia, na diwani akavua yake. Mwalimu Sanga akaifunga kengele kwenye mtandio wake akaisukuma chini ya meza.

Mama Neema akaendelea.

"Marehemu alizaliwa Idodi, mkoani Iringa. Ni mtoto wa tatu katika familia ya..."

"Wa nne!"

Vichwa vyote vikageuka. Mzee Kastuli alikuwa amesimama.

"Wa nne," akarudia. "Wa tatu ni Anjela. Alifariki mchanga, lakini alibatizwa. Anahesabiwa."

Nikasema basi, kimenuka. Mzee akaanza kuja mbele, anapita katikati ya wale akina mama waliokaa chini. Nikataka nimzuie, Mwalimu Sanga akanivuta koti. "Kaa," akaniambia, kama mwanafunzi wa darasa la pili.

Mama Neema hakurudi nyuma. Akasema kwenye maiki, sauti ndogo, "Nisahihishe, shemeji."

Mzee akapanda. Hakumnyang'anya maiki. Alisimama pembeni yake, kofia mkononi, Mama Neema akamsogezea maiki mdomoni.

Akaanza. Alizaliwa wa nne. Alibatizwa parokiani kwao. Alichunga ng'ombe wa baba yao, akavunjika mkono kwa kupanda punda wa watu, akasema ameteleza mtoni. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, mwalimu wa hesabu alimshindwa, lakini gari lolote likiharibika barabarani analijua kwa kusikiliza mlio.

Alipofika kwenye ndoa, mzee akaisukuma maiki taratibu kumrudishia. Akamtazama Mama Neema. "Hapo sasa ni wewe."

Akapokea. Walivyokutana, alivyokuwa akirudi safari anampigia honi tokea kona ya juu ili aweke maji ya kuoga jikoni. Alivyompenda Neema mpaka anamharibu.

Kisha akasema, "Aliugulia njiani, pale Chimala. Aliugua Corona."

Alilitaja hivyohivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likisemwa kwenye wasifu. Hakuna aliyeangalia chini.

"Mimi sikumuuguza, sikuruhusiwa kumwona. Alizikwa hapa Igowole na watu ambao nyuso zao sikuziona. Mimi nilisimama barabarani. Ameacha mjane, watoto watatu, mama mzazi, na ndugu."

Mzee Kastuli akatamka yale maneno ya kumalizia ambayo kila mfiwa anayajua, na uwanja mzima ukaitikia.

Ndipo akina mama wakaangua kilio. Kilio kile chenyewe, cha siku ya kwanza. Nililia, wakuu. MC mzima, nimeshika maiki ya akiba, nalia kama nimepigwa. Nililia kwa Baba Neema, na nililia kwa mjomba wangu wa Uyole ambaye nilimzika kwa simu.

Kilio kilipopungua, mzee akachukua maiki mwenyewe. "Mama yetu amekuwa akisema mwanawe hajazikwa. Leo nikifika nitamwambia amezikwa, na nilikuwepo. Jumamosi ijayo tunaanua matanga Idodi. Wote mliopo hapa ni wafiwa. Njooni."

Mashindano yaliishia pale. Wazungumzaji waliobaki hawakuongea, na wapo wanaonidai zamu zao hadi leo. Hakuna aliyepewa maksi.

Idodi tulienda, tulijaza gari. Mama wa marehemu, bibi mdogo mwenye fimbo, alimshika Mama Neema usoni kwa mikono miwili, akawa anamwita "mwanangu, mwanangu", hamwachii. Neema na wadogo zake walikula kwa bibi yao mpaka matumbo yakawauma.

Wakati wa kurudi tulikaa siti moja na Mama Neema. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Mungu mkubwa. Umekosea kidogo tu mtoto wa ngapi, mzee akainuka."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

"MC, mimi nimezalia kwenye ukoo ule. Kila mwaka siku ya kuwaombea marehemu tunamtaja Anjela kwa jina. Nitamsahauje?"

Nikageuka nimtazame vizuri.

"Ningesoma sawasawa angekaa palepale nyuma mpaka mwisho, halafu angeondoka. Lakini Mhehe gani atasikia ndugu yake anasomewa vibaya akaendelea kukaa?"

Akajifunika kitenge, akalala. Mimi nimefanya u-MC miaka mingi, nimekula semina za jinsi ya kuteka hadhira, na sijawahi kuona kitu kama kile.

Nilichojifunza? Tulidhani ugonjwa ule ulichukua watu tu. Ulichukua na namna yetu ya kuagana, na watu wengi bado wamekwama hapo. Wanafanya kazi, wanacheka, ila ndani kuna mtu hawajamsomea. Kusanyikeni hata kama imepita miaka. Siyo lazima kuwe na jeneza.

Basi wakuu, sitaki pole wala "uzi mzuri mkuu". Kama una mtu wako aliyeondoka kipindi kile hakusomewa, msomee hapa chini. Anza tu na alizaliwa wapi na ni mtoto wa ngapi.

Na ukikosea usijali. Wenye ndugu yao watainuka.