Rihani Nyeusi Katika Mafuta Yaliyoganda

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Kwenye kikao cha wanawake cha kupanga harusi ya binti wa wifi yangu, kule Brooklyn Park, huku Marekani, bibi harusi alisema anatamani kunukia kama wanawake aliowaona Mombasa alipopelekwa likizo akiwa mdogo. Nami, ambaye sikusoma sana wala sijawahi kufundishwa kutengeneza marashi, nikasema mbele ya wote, "Hilo niachieni mimi." Nimezaliwa Mombasa, ndiyo. Lakini aliyekuwa akiloweka rihani kwenye mafuta ya nazi na kuyaanika juani ni jirani yetu. Mimi nilichungulia tu.

Wifi hakunificha. "Ikifika Ijumaa ya kuamkia harusi huna kitu, mwanangu atapaka marashi ya dukani. Nimeshanunua."

Alikuwa na haki. Siku ya mwanawe si ya kufanyia majaribio.

Asumini sikuipata. Lakini sokoni Saint Paul, kwa mama mmoja wa Kihmong, watu wa milima ya Asia, anayeuza mboga, nilikuta rihani ya majani meusi, weusi ule wa biringani. Nilisugua jani moja nikanusa. Karafuu! Na nyuma ya karafuu, utamu kama wa shamari. Nikanunua mafungu mawili, nikaendesha gari hadi nyumbani na madirisha yamefungwa, nisipoteze hata chembe.

Mara ya kwanza niliyachemsha mafuta nikatia majani. Wifi akapita, akafunua sufuria. "Wifi, haya ni marashi au mchuzi? Nisonge ugali?" Nilicheka, ila iliniuma. Kusema kweli, yalinuka mboga.

Mara ya pili nikafuata nilivyoona kwa jirani: mafuta kwenye bakuli, majani ndani na mengine juu, bakuli dirishani. Nikaenda kazini zamu ya usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Niliporudi asubuhi mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama mshumaa. Ilikuwa mwisho wa Septemba, hatujawasha hita, na jua la hapa msimu huo huangaza tu, halipashi kitu. Sijui nilifikiri niko wapi.

Nikashika kijiko niyatupe. Jani moja lilikuwa limelala juu, nikalibandua. Pale lilipolala palinukia! Si mboga, si mchuzi. Rihani yenyewe, safi. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni, na sare ya kazi mwilini.

Basi nikaacha kupigana na baridi. Nikapaka mafuta mapya kwenye treya ya kuokea, yakaganda, nikalaza majani mabichi niliyoyafuta maji, moja moja, uso chini. Kila asubuhi nikitoka kazini nayabandua, nalaza mengine. Siku saba. Mume wangu aliambiwa hita asiiguse. Akazunguka nyumbani na koti, maskini, bila kulalamika sana. Siku ya saba nikakwangua mafuta yote nikayatia kwenye kopo dogo.

Ijumaa nikalipeleka. Bibi harusi akachota kwa kidole kimoja, mara moja, akapaka kifundo cha mkono. Wifi akanusa hapo hapo. "Mh. Nazi."

"Ngoja ngozi iyapashe, wifi."

Tukangoja. Nilitamani kurudi kwangu. Kisha bibi harusi akainua mkono puani, akaushusha, akauinua tena. Akasema kwa Kiingereza, kama kawaida ya waliokulia huku, kwamba hauoshi mkono huo mpaka kesho. Mama yake akauvuta, akanusa. Halafu akauliza, "Na ile chupa yangu ya dukani?" Binti akamwambia ajipake yeye.

"Kumbe wifi yetu ni fundi!" wifi akawatangazia wanawake waliokuwa wakifunga zawadi sebuleni. Nikasema hapana, ni baridi iliyofanya kazi, na nusura niyatupe. Hawakusikiliza.

Nikaenda kuwasaidia kufunga zawadi. Nilipolirudia kopo ili nilifunike, kwenye mafuta palikuwa na mifuo miwili ya vidole. Mmoja mwembamba, wa bibi harusi. Wa pili mpana, umezama mpaka chini. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama, na shingo yote inanukia karafuu.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Funika, yasiishe."