Kaka yangu kapiga watu miaka yote bila kuua, safari hii jina la kesi likasubiri hospitali

Wakuu habari za muda huu. Niko Kizwite, Sumbawanga, nina mashine ya kusaga. Sitii chumvi hata chembe, nina swali linalonikereketa.

Nina kaka, tumuite Deo. Analima mahindi na ulezi kijijini kwetu huku juu Ufipa. Mtu mzuri, misa haikosi, ila akinywa mkono wake mwepesi.

Kapiga wengi. Midomo imevimba, mmoja alivunjika kidole. Kesho yake wazee wanawakalisha, Deo ananunua pombe ya ulezi, anakunywa kopo moja na aliyempiga, yameisha. Polisi haendi mtu. Nyumbani tulikuwa tunacheka kabisa, "Deo kamchapa nani tena?"

Sasa kilabuni kwetu watu wanaingia moja kwa moja kutoka shamba. Mama muuza pombe ana utaratibu wake: majembe, mapanga na nyengo, lile fyekeo lenye ncha iliyopinda, vyote anafungia stoo ndipo anakumiminia. Watu walikuwa wanamuona mnoko.

Msimu huu wa palizi akasafiri msibani, akamwachia mdogo wake auze. Yule dada hakukusanya kitu.

Deo akabishana na jirani yetu Kastori, ambaye ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi ya Deo. Ugomvi wa kila siku, matusi yaleyale. Tofauti ni kwamba nyengo ilikuwa begani.

Alimpiga moja tu, ya kichwa.

Bahati nzuri, karibu na hapo kulikuwa na lori linapakia mahindi. Wakamlaza Kastori juu ya magunia, mbio mpaka hospitali mjini. Deo hakukimbia, akakamatwa palepale.

Nikaenda kituoni nikamuuliza askari, afande, ndugu yangu ana kesi gani?

Akanijibu kwa upole, "Bado hatujajua. Jamaa akiamka ni kujeruhi. Asipoamka ni mauaji. Tunasikilizia hospitali."

Daah. Nilikaa kwenye benchi nikawaza mpaka kichwa kikauma. Pigo limeshapigwa na halirudi. Hasira ni zilezile za siku zote. Lakini kaka yangu ni muuaji au siyo, inategemea dereva alikanyagaje mafuta na kama daktari alikuwepo.

Wodini nikamkuta mke wa Kastori. Nikampa pole. Akaniangalia, akasema, "Shemeji, kila siku mlituambia Deo ndivyo alivyo. Haya."

Niliona aibu.

Kastori aliamka, namshukuru Mungu. Anaongea vizuri, ila mkono wa kushoto haushiki jembe, na ana watoto wadogo.

Nilipokwenda kumuona Deo mahabusu alilia. "Dogo, mimi sikutaka kuua."

Nikamuuliza, ulitaka nini?

"Kumpiga tu, kama siku zote."

Wakuu, mimi nilikuwa naamini kuna wapigaji na kuna wauaji, watu wa aina mbili kabisa. Sasa naona wengi ni walewale, ila mwingine siku yake lori halikuwepo.

Mlioko polisi, mahospitalini, au wenye ndugu wa namna hii, nielewesheni. Kumpeleka ndugu yako polisi kwa sababu ya ngumi tu, ni kumsaliti au ni kumuokoa?

Hata mkinisema, semeni. Mimi sikumpeleka.